Vioo vya Gahanna

Mama Gloire alikuwa mtu wa kung'oa. Mwache dakika kumi uani kwako, ukirudi utamkuta ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine unachomoa majani ambayo wewe mwenye ua hukujua hata kama yapo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Dative, lakini tangu amzae binti yake wa kwanza, Gloire, hakuna aliyemwita Dative isipokuwa maofisa waliomjazia fomu, na mumewe akikasirika. Alizaliwa Walungu, huko Kivu, na mpaka anafika miaka thelathini na kitu hakuwahi kukaa wiki nzima bila udongo kumwingia kwenye kucha.

Halafu vita, halafu kambi, halafu ndege, na akashushwa Louisville. Ghorofa ya pili, zulia ukuta hadi ukuta, dirisha linaangalia magari. Yeye na mumewe Bisimwa walipata kazi kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, mume upande wa mashine, mke upande wa kukunja. Alikunja mashuka ya watu miaka mitatu. Akapanda vitunguu kwenye ndoo ya rangi kando ya dirisha, ndoo ikavuja, zulia likaoza, mwenye nyumba akaja na barua. Bon, Bisimwa akasema, hapa si petu. Ndugu yake Bagula alikuwa Columbus, mtaa wa Linden, naye aliapa kwa jina la mama yao kwamba kule nyumba zina ua. Wakahama. Ua ulikuwepo, Bagula hakudanganya, ila ulikuwa wa saruji, na ile sehemu isiyo ya saruji ilikuwa ya mbwa wa mpangaji mwingine.

Mwaka 2022, mwezi wa pili, mambo yakageuka. Bisimwa alipata nyumba Buffalo, mtaa wa Black Rock, nyumba ya mbao iliyoinama kidogo upande wa jirani, lakini yao. Gloire alikuwa ameshaolewa huko huko Buffalo. Na nyuma ya nyumba kulikuwa na ardhi. Bisimwa aliipima kwa miguu huku simu ameielekeza chini ili mkewe aone: hatua ishirini kwa kumi na mbili, udongo mweusi, jua la asubuhi na la mchana. Mama Gloire aliirudia video ile mpaka akalijua kila jiwe. Alishagawa: maharage hapa, lengalenga, ule mchicha wa kwao, pale, maboga yapande uzio. Wangehama mwezi wa sita, binti yao mdogo Gentille akishafunga shule. Ilikuwa miaka kumi na minane tangu alime ardhi ambayo hakuna mtu angemwambia toka. Aliitaka ardhi ile kama mtu mwenye kiu, na hakuona haya kusema hivyo kwa kila aliyekaa naye benchi moja kanisani.

Siku hizo alikuwa akifanya kazi Gahanna, mwendo wa mabasi mawili kutoka Linden, kumtunza mzee mmoja Mkenya aitwaye Ombati. Huyu alikuja Amerika miaka mingi iliyopita kusoma, yeye na mkewe Claris, akaishia kufundisha hesabu chuoni mpaka akastaafu. Claris alifariki mwezi wa nane wa mwaka 2017. Baadaye mzee akapata kiharusi kidogo, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta na mkono wa upande huo ukapungua nguvu, na binti yao Selpher, mfamasia, akatafuta mtu wa kukaa naye mchana. Selpher alikuwa akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza, na Mama Gloire alikuwa akiisikia ile nusu ya kwanza na kuikisia ya pili.

Mzee mwenyewe hakuwa mgumu. Alikuwa na maneno yake. Ugali wa Mama Gloire alisema ni uji uliokosa subira, na yeye Mama Gloire akamwambia ugali wa Wakenya unafaa kujengea nyumba. Kiswahili cha mzee, Mama Gloire alikiita Kiswahili cha redio. Walitaniana hivyo tangu vuli, naye mzee akazoea kuketi kwenye kiti karibu na mlango saa mbili kasoro, wakati basi la pili linapofika, halafu basi likifika anajifanya anasoma gazeti.

Katikati ya mwezi wa nne Selpher alimpeleka baba yake hospitali, siku tatu za vipimo. Alimwambia Mama Gloire apumzike, apite tu kuangalia nyumba. Kupumzika! Siku ya kwanza aliosha mapazia. Siku ya pili akatoka nje, maana theluji ilikuwa imekwisha na ua wa nyuma ulikuwa umelala vibaya, majani ya mwaka jana yamegandamana kila kona. Akachukua reki. Alipofika nyuma ya gereji, kando ya uzio, akasimama.

Palikuwa na mimea kama arobaini, imefika magotini, imestawi, vitumba vya maua vimeanza kujitokeza juu. Na kila jani lilikuwa na ukingo mweupe. Mengine meupe nusu nzima, mengine yana mabaka kama yamemwagiwa maziwa. Mama Gloire aliweka reki chini.

Kwa maana ule weupe aliujua. Walungu, kabla ya vita kuwafikia, mihogo ilianza kuota majani ya namna hiyo, mabaka meupe na manjano. Akaja bwana shamba kwa pikipiki, akawakusanya chini ya paa la shule, akawaambia huo ni ugonjwa, unaitwa mozaiki. Ukiona jani limeingia weupe, usiulize, ng'oa na mizizi yake, choma, na vijiti vya kupandia usimpe jirani. Watu waling'oa. Mama Gloire naye aling'oa, isipokuwa mashina matatu nyuma ya jiko yaliyotokana na vijiti vya mama yake mzazi. Aliyaonea huruma. Msimu uliofuata kilima kizima kilikuwa cheupe, mihogo ikichimbwa inatoka minene kama kidole, na watu wakajua imetokea wapi. Hakuna aliyempiga. Walimwangalia tu, kila alipopita kwenda kisimani, mwaka mzima. Ile ndiyo aibu kubwa ya maisha yake, na alishakimbia vita akaiacha nyumba, lakini aibu hiyo alivuka nayo mipaka yote.

Kwa hiyo hakuuliza. Aling'oa yote arobaini, mizizi kwa udongo, akaikatakata, akairundika ndani ya jiko la kuchomea nyama, akamimina mafuta ya taa na kuwasha. Jirani wa pili alichungulia juu ya uzio kwa ajili ya moshi, naye Mama Gloire akampungia mkono kwa furaha. Alikuwa ameokoa shamba la mtu. Kando ya mashimo yaliyobaki palikuwa na kijani kibichi kidogo kidogo kinachoanza kuchipua. Nacho akakikwangua kwa jembe asibakishe kitu, kisha akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Mzee aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda dirisha la jikoni kwa ile fremu yake ya kutembelea. Akatazama kule uzioni. Mama Gloire akaanza kumweleza, donc, Papa, ulikuwa na ugonjwa mubaya kule nyuma, minaisha kuumaliza. Mzee hakugeuka. Aliuliza kama aliacha hata mmoja. Akajibu kwa fahari kwamba hakuacha hata mmoja.

Selpher ndiye aliyemweleza, wakiwa wamesimama barazani, na safari hii kwa Kiswahili kitupu, jambo lililomtisha Mama Gloire kuliko maneno yenyewe. Ile haikuwa mimea migonjwa. Imezaliwa hivyo, ni ya bustani, watu wanaipenda kwa ule weupe. Mama yake, Claris, aliipanda mwaka waliohamia nyumba hii. Inatoa maua ya zambarau, kisha maganda bapa ya mviringo, na maganda yakikauka ukayamenya, ndani yake unabaki utando mwembamba unaong'aa, ukiushika juu unaona mwanga ukipita. Claris aliviita vioo. Tangu afariki, kila mwezi wa nane, siku yake, mzee huchukua kifungu cha vioo hivyo na kukipeleka kaburini. Na mmea huu hauzai mwaka unaopandwa. Mwaka wa kwanza majani tu. Mwaka wa pili ndiyo maua na maganda, halafu unakufa; na ile miche midogo aliyoikwangua ndiyo iliyokuwa ya mwaka ujao.

Mama Gloire alikaa kwenye ngazi. Alitamani ardhi immeze, na haikummeza.

Hapa lazima ieleweke jinsi alivyolelewa, la sivyo atakayoyafanya baadaye yataonekana ya kichaa. Kwao, ng'ombe wako akiingia shamba la mtu, huendi kuomba radhi ukarudi nyumbani kunywa pombe. Unashika jembe. Unalilima shamba lile upya, unapanda, unapalilia, mpaka mwenyewe avune alichokuwa avune. Baba yake aliwahi kulima maharage ya jirani msimu mzima kwa sababu ya ndama mmoja, na ya kwake yakaliwa na magugu. Watoto walilala njaa mara kadhaa, na hakuna aliyeona baba amekosea.

Basi asubuhi iliyofuata alimwambia mzee hivyo hivyo. Kwamba yeye ndiye ng'ombe na yeye ndiye mwenye ng'ombe. Kwamba atapanda na hataondoka mpaka maganda yakauke. Akamweleza habari ya Buffalo, kwamba walikuwa wahame mwezi wa sita, lakini sasa hatahama. Kabla hajafunga kinywa aliuliza jambo moja, maana bado alikuwa na matumaini madogo: je, hakuna vioo vilivyobaki vya miaka ya nyuma, hata kifungu kimoja, vya kupeleka mwaka huu na ujao?

Mzee Ombati alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikizungusha. Akasema, "Hakuna hata kimoja."

Mbegu zilikuwepo, ndani ya bahasha kwenye droo ya visu. Wakazipanda mwezi wa tano.

Bisimwa hakuelewa, na nani angemlaumu. Walipigana maneno wiki nzima kule Linden, kwa sauti ya chini kwa sababu ya Gentille, na mwishowe akamwita Dative. Mwezi wa sita akahama na binti, na vyombo vyote isipokuwa kitanda kimoja na sufuria tatu. Mama Gloire akabaki kwenye chumba kwa shemeji yake Bagula. Mwaka huo hakuna aliyelima Black Rock. Bisimwa alikuwa kazini ghalani zamu ya asubuhi na usingizini mchana, na kila Jumapili alimtumia mkewe picha za ua, nyasi zikiongezeka urefu. Pengine alizituma kwa wema. Mama Gloire aliziona kama matusi.

Mimea ya Gahanna iliota. Ilitoka ya kijani kitupu, majani mapana yenye meno pembeni, na alifurahi peke yake akadhani labda udongo mpya umeiponya. Hakuna kilichopona. Ilipofika vuli, baridi ilipoanza kuuma asubuhi, weupe ukaingia pembeni, jani moja, kisha lingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukimwasha, unataka kung'oa. Alipalilia, akamwagilia, akaitazama ikiugua mbele ya macho yake na yeye akiilisha. Alikiri kwa Selpher kwamba mara mbili alishika shina na kuliachia.

Mwezi wa kumi Selpher alipiga simu kumwomba ashuke chini ya nyumba, besimenti, atafute blanketi la umeme. Blanketi lilikuwa juu ya rafu. Chini ya rafu palikuwa na katoni kubwa ya televisheni, na juu yake, kwa kalamu nene na mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni, miaka imepangwa mstari mstari, tangu 1998 mpaka 2016. Claris naye alikuwa mwalimu. Mama Gloire aliifungua kwa sababu ilikuwa na neno moja alilolijua: VIOO.

Vilikuwa mamia. Vimefungwa kwa magazeti, vifungu kwa vifungu, vikavu, vyeupe, vinang'aa hata kwenye ile taa hafifu. Alikaa juu ya ndoo ya rangi akavitazama. Mzee angeweza kupeleka kaburini vya miaka ishirini. Na yeye Mama Gloire angeweza kuwa Buffalo tangu mwezi wa sita, maharage yake yameshakauka na kupukuchuliwa.

Alikasirika. Si kidogo. Alikasirika mpaka meno yakamuuma, na alichokiona wazi ni kwamba mzee alimdanganya akitazama kikombeni, na kwamba sababu yake haikuwa kaburi. Sababu ilikuwa kile kiti karibu na mlango.

Sasa mtu mwingine angepanda ngazi na katoni mikononi. Mama Gloire alipanda na blanketi. Kumwambia mtu wa umri wa baba yako kwamba ameongopa, hilo kwao halikuwepo. Unamwachia mlango wazi mpaka atoke mwenyewe. Akaamua hivyo: siku mzee atakaposema, siku hiyo hiyo anapanda basi la Buffalo. Hakumwambia Bisimwa. Hakumwambia Selpher. Alijua wakijua watamwambia mzee, na neno litakuwa limetolewa kinywani mwake kwa koleo.

Na akaanza kumfungulia milango. Alimuuliza Mama Claris alikuwa akivikausha wapi. Mzee akasema barazani. Akauliza alivitia ndani ya nini. Mzee akasema hakumbuki. Siku nyingine akasema, wakila, kwamba watu wengine hutunza vitu mpaka wanasahau kama wanavyo. Mzee akasema ndiyo, na ugali leo umeiva. Mama Gloire akampikia uji kwa siku tatu, kwa makusudi, na mzee akaunywa wote bila kulalamika, jambo lililozidi kumuudhi.

Mwezi wa kwanza Gloire alijifungua, mtoto wa kike. Mama Gloire alikwenda Buffalo kwa basi, siku nne alizoombewa ruhusa. Alimwogesha mtoto, akampikia mzazi, na siku ya mwisho Bisimwa akamchukua nyuma ya nyumba. Theluji ilifika kwenye mapaja. Akamwonyesha kwa mkono uzio uko wapi, mwisho wa ardhi uko wapi, na wote wawili wakasimama kutazama weupe mtupu. Bisimwa hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Unaniacha nilale peke yangu sababu ya majani?" aliuliza.

Mama Gloire alitaka kumwambia habari ya katoni. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akasema mwezi wa nane, nakuapia, mwezi wa nane. Ndani ya basi alilia kutoka Buffalo mpaka Erie, kisha akalala.

Aliporudi alimkuta mzee kwenye kiti chake, hajanyoa siku nne. Mtu wa muda aliyeletwa na wakala alikuwa mzuri tu, Selpher alisema, lakini baba alikataa kula naye. Mama Gloire alichemsha maji akamnyoa. Alikuwa bado amekasirika wakati wote wa kumnyoa. Lakini ilikuwa hasira ambayo imeshazoea nyumba, inajua vikombe viko wapi.

Mwezi wa nne mimea ikapanda juu, na mwishoni mwa mwezi ikatoa maua, zambarau iliyokoza juu ya yale majani meupe. Jirani wa pili alikuja uzioni kuisifu. Mama Gloire akakubali sifa kwa kichwa, ingawa kwa maoni yake ilikuwa kama kumsifia mtu kanzu ya mgonjwa. Mwezi wa sita maganda yakaja, ya kijani, bapa, kila moja na mbegu zake zinaonekana kama tumbo la samaki mdogo. Mzee akawa anatoka kila asubuhi na fremu yake kuyatazama. Walisimama pale wote wawili, na kila siku Mama Gloire alifikiri leo atasema, na kila siku mzee alisema kitu kuhusu mvua.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane maganda yalikauka. Akayakata asubuhi umande ukishakwisha, akayafunga vifungu, akayaleta meza ya jikoni. Kaburini wangekwenda Jumamosi, Selpher akiendesha. Jumapili Bisimwa angekuja na gari la mume wa Gloire kumchukua mkewe. Selpher alikuwa ameshapata nafasi kwenye nyumba moja ya wazee yenye bustani, na mzee alikuwa ameshaambiwa na kusema sawa.

Mzee alimfundisha kumenya. Unashika ganda kati ya kidole gumba na cha shahada, unalisugua polepole bila kubonyeza, na ngozi ya huku na ya huku zinatoka pamoja na mbegu, kama ganda la kitunguu. Katikati unabaki utando. Ukiwa na haraka unapasuka. Mama Gloire alipasua vioo saba vya kwanza. Cha nane kikatoka kizima, akakiinua dirishani, na bila kutaka akaona kwamba ni kizuri. Mkono wake ulionekana kupitia kile kitu, mweusi mweusi, na nuru nyuma yake.

Walifanya kazi labda nusu saa. Mbegu zilikuwa zikianguka ndani ya bakuli.

"Mama Gloire," mzee alisema. "Kule chini kuna katoni."

Hakuacha kusugua. "Minajua, Papa."

Mikono ya mzee ndiyo iliyosimama. Akauliza alijua lini.

"Tangu mwezi wa kumi."

Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, alihesabu. Ilimchukua muda mfupi tu, na alipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mdogo. Alianza kusema kitu kuhusu nyumba, jinsi ilivyokuwa kabla, asubuhi, kimya chake. Hakukimaliza. Badala yake akauliza kwa nini basi hakwenda zake.

Mama Gloire akamwambia ukweli. Kwamba alikasirika sana, na mpaka leo amekasirika, na kwamba mjukuu wake ana miezi saba na amemwona siku nne. Kwamba alikuwa akingoja aseme. Akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu.

"Ungeniomba, Papa," alisema. "Pengine ningekataa. Lakini ungeniomba."

Nje gari la taka lilipita, likasimama kwa jirani, likaendelea. Mzee Ombati aliweka ganda alilokuwa nalo juu ya gazeti. Akaunganisha mikono yake miwili mezani, ule wenye nguvu juu ya ule dhaifu.

"Nikikuomba sasa?"

"Omba."

Alikohoa. Alinyoosha mgongo, kama mtu aliyeitwa kusimama mbele ya watu. "Mama Gloire," akasema, "nakuomba ubaki."

Mama Gloire alimtazama. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na vumbi la maganda. Alimpenda mzee huyu. Hilo lilimjia hapo hapo, na lilimuuma.

"Hapana, Papa," alisema. "Bwana yangu ananingoja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu. Akamshukuru. Kisha akavuta kifungu kingine upande wake, na wakamenya mpaka vikaisha.